Siku Tatu za Kazi, Begi Moja la Mkononi

SWALI: Kazi yangu hunilazimu kusafiri kwa ndege karibu kila mwezi, kwa muda wa siku tatu hivi, ili kukutana na wateja. Kila mara hubeba sanduku kubwa, lakini nusu ya nguo hurudi bila kuvaliwa na suti hutoka imejaa mikunjo. Safari iliyopita sanduku lilichelewa kufika, nikaingia mkutanoni na nguo nilizosafiri nazo. Je, naweza kutosheka na begi moja la mkononi bila kupungukiwa na staha mbele ya wateja? (Msafiri Aliyechoka na Mizigo)

JIBU: Pole sana kwa yaliyokupata. Unaweza kutosheka, na kwa safari fupi kama zako ningekushauri usifanye vinginevyo, kwa kuwa begi ulilopanda nalo ndegeni utashuka nalo.

Kabla ya kufungua kabati, fungua ratiba. Andika shughuli za kila siku, na mbele ya kila shughuli uandike vazi utakalovaa. Nguo isiyo na shughuli yake ibaki nyumbani. Sanduku lako hujazwa na neno "huenda": huenda nikaalikwa mahali, huenda shati likachafuka. Ruhusu "huenda" moja tu, yaani shati moja la akiba. Ukichagua rangi moja ya msingi, kama kijivu au bluu iliyokoza, suti moja, suruali moja ya ziada na mashati manne yatavaana yote kwa yote, na hakuna mteja atakayeona upungufu.

Viatu ndivyo vinavyokula nafasi kuliko kitu kingine chochote. Safiri umevaa jozi ya kazini, na ukilazimika kubeba jozi ya pili, ijaze soksi na chaja ndani yake.

Kuhusu mikunjo, ambayo naona ndiyo inayokukera zaidi, fahamu kwamba alama hubaki pale kitambaa kinapokunjwa kwa pembe kali na kukandamizwa kwa saa nyingi. Kwa hiyo usilikunje shati kuwa mraba mdogo. Tandaza suruali na mashati kitandani, moja juu ya jingine, weka katikati furushi la nguo za ndani na fulana, kisha zungushia mikono na miguu ya nguo hizo juu ya furushi hilo. Koti la suti ni afadhali ulivae. Ikibidi kulipakia, geuza bega moja ndani nje, ingiza bega la pili ndani yake ili bitana ikae nje, na ulilaze juu ya vitu vyote. Vitu vizito vikae upande wa magurudumu, la sivyo vitaporomokea nguo mara tu begi likisimamishwa. Ukifika, tundika kila kitu mara moja, hata kabla ya kuketi.

Vipimo vya begi hutofautiana kati ya shirika na shirika. Mengi hukubali takriban sentimita 55 kwa 40 kwa 20, na uzito wa kilo 7 hadi 10, hivyo soma masharti ya tiketi yako na ulipime begi nyumbani. Katika viwanja vingi bado vimiminika, pamoja na dawa ya meno na manukato, hutakiwa viwe katika chupa zisizozidi mililita 100 kila moja, ndani ya mfuko unaoonyesha ndani wa lita 1. Betri ya akiba ya kuchajia simu haikubaliwi kabisa katika mizigo inayokabidhiwa; hubebwa mkononi, na kwa kawaida haihitaji kibali ikiwa haizidi wati-saa 100 (kipimo cha nishati inayohifadhiwa na betri). Ile ya mAh 20,000 (miliampea-saa, yaani ampea-saa 20) yenye volti 3.7 ina wati-saa 74, yaani 20 mara 3.7, kwa hiyo usiwe na wasiwasi nayo.

Jambo moja zaidi, ambalo wasafiri wengi hulisahau. Ndege ikijaa, wahudumu wanaweza kulichukua begi lako mlangoni na kulipeleka chini pamoja na masanduku mengine. Kwa sababu hiyo, weka kompyuta, betri hiyo, dawa, pasipoti na nyaraka za mkutano katika mkoba mdogo unaokaa juu kabisa, ili uweze kuuchomoa kwa sekunde chache na kubaki nao.