Mwili wa kwendea mbugani: majibu ya maswali yenu

Maswali ya mara hii karibu yote yanazunguka jambo moja: mwili wangu utaiweza safari? Inategemea safari ipi. Ya gari inataka mgongo na uvumilivu; ya mguu inataka mapafu na magoti. Wengi mnaogopa kisichohitaji kuogopwa, na kinachoumiza hamkiulizi.

Nina miaka 67, mgongo na goti vinanisumbua. Watoto wanataka kunipeleka Serengeti. Nitaweza? (Mstaafu, Tanga)

Shikamoo mzee wangu. Utaweza. Kutembea hutatembea, maana ndani ya hifadhi mnashinda garini. Adha yako itakuwa barabara. Kutoka Arusha hadi geti la Lodoare, Ngorongoro, ni lami. Ukilipita hilo geti ni vumbi na vijituta vilivyojipanga kama bati la paa, gari linatetemeka mpaka meno yanagongana. Waambie watoto mlale Karatu usiku wa kwanza, msiunganishe moja kwa moja hadi Seronera, katikati ya Serengeti. Na kiti cha mbele, kando ya dereva, kiwe chako. Viti vya nyuma kabisa ndivyo vinavyorusha watu. Huko waketi wajukuu.

Kingine ni kupanda na kushuka. Magari ya utalii yako juu, na watu husimama chini ya paa lililoinuliwa ili waone vizuri. Kuanzia leo jizoeze kuinuka kitini bila kujisukuma kwa mikono, mara kumi asubuhi na kumi jioni. Goti likikataa kusimama, dirisha linatosha. Tembo hahitaji kuonewa paani. Dawa za maumivu zikae mfukoni, si kwenye begi lililofungiwa nyuma.

Nanyanyua vyuma miaka yote, nina pumzi. Nataka kupanda Kilimanjaro kwa siku tano. Nifanye mazoezi gani zaidi? (Kijana, Mwanza)

Kaka, kwanza ongeza siku. Kilele cha Uhuru kiko mita 5,895 na Mwanza yako iko kama mita 1,140. Hakuna chuma utakachonyanyua kikauzoeza mwili hewa nyepesi. Kinachouzoeza ni muda. Kwa njia ya Marangu utalala Mandara, kisha Horombo iliyo mita 3,720, kisha Kibo kwenye mita 4,700 na ushee. Hapo Horombo ndipo pa kulala usiku wa ziada. Ndiyo, ada inaongezeka. Lipa.

Vijana wenye nguvu huwasumbua sana waongozaji, kwa sababu wanakimbia siku ya kwanza. Ukisikia “pole pole” usidhani ni maneno ya kuwapendeza wazungu. Kichwa kikiuma kidogo, chakula kikikosa ladha, sema mapema. Lakini mtu akianza kupepesuka kama mlevi, au akitweta hali amekaa, hapo hakuna kupumzika tuone. Ni kushuka, hata kama ni usiku wa manane. Kuna vidonge vya asetazolamidi vinavyosaidia mwili kuzoea, ila vinaandikwa na daktari, na kama salfa inakudhuru mwambie.

Mazoezi sasa. Acha vyuma, shika kilima. Panda Bugando na mkoba mgongoni, halafu, hili ndilo watu hawalifanyi, *shuka* polepole ukiwa na mkoba uleule. Kwenye kupanda mlima unachoka, kwenye kushuka unaumia: mapaja yanatetemeka, na vidole vinagonga ncha ya buti mpaka kucha zinakuwa nyeusi. Kata kucha kabla ya kuondoka, na buti mpya usizifungulie boksi getini.

Nina kilo 104 na ndoto yangu ni kuwaona sokwe. Nitachekwa? (Mama, Dar es Salaam)

Wa kukucheka nani, mama? Huko kila mtu anahema. Gombe na Mahale mnafika kwa boti kutoka Kigoma, na ukishuka ufukweni ni miguu tu. Hewa haina tatizo, Ziwa Tanganyika halifiki mita 800 juu ya usawa wa bahari. Tatizo ni miteremko, mizizi na utelezi, na sokwe hawapangi miadi: huenda ukawapata baada ya saa moja, huenda baada ya nne. Jipe miezi mitatu. Panda ngazi za ghorofa siku za kazi, na Jumamosi nenda msitu wa Pugu. Beba fimbo, omba uwekwe na kundi la mwendo wa taratibu. Ukiamka na mafua, usiende. Magonjwa yetu ya njia ya hewa yanawaambukiza sokwe, na yamewahi kuwaua.

Nina ujauzito wa miezi sita. Ngorongoro ni salama? (Dodoma)

Ningekuwa ndugu yako ningesema ngoja. Mitikisiko ni jambo moja. Kubwa zaidi ni umbali wa hospitali ikitokea dharura. Uliza kliniki kwanza.

Nina kisukari, natumia insulini. Chakula kitakuwaje? (Mwalimu, Iringa)

Mtapewa boksi la chakula: paja la kuku, yai, ndizi, juisi, keki. Shida yake ni saa. Akionekana chui saa sita mchana, mtakula saa tisa. Mwambie dereva asubuhi, mbele ya wenzako, kwamba wewe unakula kwa wakati. Karanga na glukosi ziwe mkononi. Ukianza kutetemeka na kutoka jasho jembamba, kula kwanza, chui atasubiri. Insulini usiiache garini juani, wala usiigusishe na barafu.

Huwa sinywi maji safarini ili nisisumbue kuomba gari lisimame. Ni sawa? (Dada, Morogoro)

Si sawa, dada, na wako wengi kama wewe. Kichwa kinachowauma jioni wanakisingizia jua. Kunywa. Madereva wamezoea kuombwa kusimama watu wachimbe dawa. Dereva ndiye anayejua ni wapi panafaa, hukagua kwanza, na hutakiwi kusogea mbali na gari. Kwa Serengeti, vyoo vipo geti la Naabi na Seronera, vitumie hata kama hujabanwa. Na ukibanwa, sema kabla simba hawajaonekana. Wakishaonekana, gari haliondoki pale.