Barua kwa mwanangu: siku za mwisho za Berlin

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako wa jana nimeurudia asubuhi hii, maana usiku niliusoma nikiwa na usingizi. Unasema kozi ya Kijerumani inaisha wiki hii, na wenzako wa darasani wanapanda basi la usiku kwenda Prague, kisha Vienna, nao wanataka uwe nao. Unasema pia kwamba tangu mtihani uishe unatembea Berlin kama mtu aliyekwisha kuondoka. Umeniuliza: "Mama, siku hizi zilizobaki nizitumieje nisije nikajuta?"

Nakujibu bila kuzunguka. Usiende Prague. Baki Berlin.

Najua utanirudishia maneno yangu mwenyewe, kwamba kutembea kwingi ni kuona mengi. Sikatai, na ulipotaka kwenda Potsdam nilikuhimiza. Lakini siku za mwisho zina kazi yake, nayo ni kuaga. Kwetu mtu hakai kwa watu, akala chumvi yao, halafu akabeba begi usiku akapotea. Hupita nyumba kwa nyumba, huketi, huulizwa atarudi lini, hupewa cha njiani. Ukienda na wenzako utarudi Berlin alfajiri ya siku ya safari, umechoka, nguo hazijafuliwa, na watu waliokulea majira yote haya ya joto utawaaga kwa simu ukiwa uwanja wa ndege. Hilo ndilo ninaloogopa utalijutia. Na huko kujiona umekwisha kuondoka, nadhani ni kwa sababu moyo umetangulia na wewe hujaaga bado.

Anza na mama mwenye nyumba wako. Mwombe jiko jioni moja, umpikie wali wa nazi na mchuzi wa samaki. Tui la kopo ni zito kuliko hili letu la kukuna, kwa hiyo liongeze maji kabla hujatia mchele, la sivyo wali utashikana chini na juu ubaki mbichi. Korosho nilizokufungia, kama zipo, usizirudishe Lindi. Mpe yeye, na mwambie zimebanguliwa na nani. Halafu mwombe akufundishe ile keki ya plamu uliyonipigia picha, zile plamu zilizopasuliwa na kupangwa safu kwa safu juu ya unga uliochachuliwa. Huu ndio msimu wake. Usimwombe akuandikie tu. Simama pembeni yake, shika unga, uone unavyotakiwa kuwa laini. Mtazungumza mengi mikono ikiwa na kazi, na Kijerumani chako kitatoka chenyewe.

Mwalimu wako muage ana kwa ana. Na yule kaka wa duka la usiku hapo chini, aliyekuwa akikusahihisha "der" na "die" za Kijerumani kila ulipokwenda kununua maziwa, naye ana haki ya kuambiwa kwamba unaondoka na kwamba amekusaidia. Chupa tupu zilizojaa chumbani zirudishe dukani mapema, uchukue dhamana yako, senti 25 kwa kila ya plastiki ya kutumika mara moja. Si vizuri kumwachia mwenye nyumba mzigo huo.

Kisha chukua siku moja nzima kwa ajili ya yale ya kwetu yaliyoko huko. Hili nakuomba kama mama na kama mwalimu wa historia. Panda treni ya U6 kwenda kaskazini, ushuke Afrikanische Straße. Mtaa ule majina yake mengi yalipangwa enzi za ukoloni na baada yake. Utakuta hata Sansibarstraße. Palikuwa na barabara iliyobeba jina la Carl Peters, yule aliyezunguka Usagara na Uzigua akiwasainisha machifu karatasi wasizozijua. Watu wa Berlin walidai kwa miaka mingi jina lile liondoke, na Agosti 2024 likaondoka. Kipande kimoja sasa kinaitwa Anna-Mungunda-Allee, kwa heshima ya mwanamke wa Namibia. Kingine kinaitwa Maji-Maji-Allee. Fikiria, mwanangu: watu wa Nandete walipong'oa pamba ya kulazimishwa Julai 1905, hapa kusini kwetu, leo jina la vita vyao limeandikwa kwenye kibao cha barabara katika mji ule ule ulikotoka utawala uliowaua. Mimi nimelifundisha somo hilo ubaoni miaka yote, na bado nilipoiona habari ile nililia. Nenda ukatembee barabara hiyo mwanzo hadi mwisho, taratibu.

Ukirudi kusini, U6 hiyo hiyo itakufikisha kituo cha Naturkundemuseum, penye makumbusho ya historia ya asili. Usiende Jumatatu, hufungwa. Umeniambia ulipita na darasa kwa haraka. Rudi peke yako. Yule mjusi mkubwa wa ukumbini, dinosaria mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, ni wa Tendaguru, mkoa wetu huu. Wajerumani walichimba pale kuanzia 1909 hadi 1913, lakini waliotoboa ardhi ni watu wetu, mamia yao, na msimamizi wao alikuwa Boheti bin Amrani. Mifupa ilifungwa, ikabebwa vichwani na mabegani siku kadhaa kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Ukisimama chini ya shingo ile, waangalie wageni wanaopiga picha, kisha wakumbuke wapagazi.

Kutoka hapo fuata Invalidenstraße kuelekea mashariki hadi Brunnenstraße, ukate kulia, utafute namba 193. Tazama chini. Kuna kijiwe chenye bamba la shaba, si kikubwa kuliko kiganja, chenye jina la Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam 1904, akaingia askari wa Wajerumani akiwa mtoto, akaenda Berlin 1929 kudai mshahara wake wa vita na hakulipwa. Alifundisha Kiswahili chuo kikuu kule. Wanazi walimkamata 1941, akafia kambi ya Sachsenhausen 1944. Msomee Fatiha hapo. Hakupata wa kumuaga.

Jioni za mwisho zimalizie Tempelhof, na wale watakaobaki. Uwanja ule wa ndege ulifungwa 2008, na wakazi walipopiga kura 2014 walikataa usijengwe, ndiyo maana wewe leo unaendesha baiskeli kwenye njia ya ndege bila kiingilio. Ulipofika ulinishangaza kwamba jua lilikuwa bado lipo saa tatu na nusu usiku. Sasa linazama baada ya saa mbili tu, basi nenda mapema na ubebe sweta.

Baba yako anakusalimu, na bibi anauliza kama huko unakula vizuri. Kama tiketi ya basi hujailipia, usiilipie. Kama umekwisha kulipa, mpe mwenzako aiuze, tutasaidiana hasara. Nijibu leo.

Mama yako