Usinunue hiyo diski, kwanza nitajie nani anaandika diskini

Mkuu mleta uzi, acha. Rudisha hela mfukoni, kesho usiende dukani. Unasema una makontena 40 (visanduku vya programu, kila kimoja kivyake) kwenye seva moja, ikifika jioni kila kitu kinatambaa, na fundi kakwambia "diski imechoka, weka NVMe", zile diski za kasi zaidi. Nilipofika hapo kwenye fundi, chai ilinipalia. Huyo fundi namfahamu. Labda si yeye mwenyewe, ila ndugu zake wametapakaa mji mzima.

Nipo Kirumba, Mwanza. Nina kamfumo ka risiti na hesabu kwa wafanyabiashara wa dagaa na samaki pale Mwaloni. Kila mteja ana kontena lake la Docker (programu inayoendesha makontena), na kipindi hicho walikuwa 34, wote kwenye seva moja yenye SSD mbili. Alfajiri mzigo wa visiwani ukishushwa, mama anapimisha gunia, karani anabonyeza, risiti haitoki. Sekunde 20. Sekunde 40. Wapagazi wamesimama na magunia mabegani, wanamtukana mama yangu ambaye hajawahi kugusa kompyuta maishani mwake.

Naingia kwenye seva, `uptime` inaniambia mzigo ni 60, na prosesa zimelala usingizi. Hapo ndipo nilipopotea. Linux inapohesabu mzigo inaingiza pia michakato iliyokwama ikisubiri diski, ile yenye herufi D ukitazama `ps`. Kwa hiyo 60 ilikuwa foleni tu, kama ile ya pantoni la Kigongo kabla ya daraja. Foleni haikwambii nani kapaki vibaya.

Fundi wangu akaja. Akaendesha `dd` kuandika faili la GB 1, ikatoka MB 90 kwa sekunde, akatikisa kichwa kama daktari anayeleta habari mbaya. "Hizi zimekufa, bosi." Nikatoa shilingi 2,800,000 za diski mbili mpya na 300,000 za mkono wake. Tukahamisha kila kitu usiku kucha. Asubuhi akarudia `dd` yake: GB 1.2 kwa sekunde! Akaandika namba hiyo kwenye boksi la diski kwa kalamu ya wino, akaniachia kama cheti. Bado ninalo hilo boksi. Huwa nalitazama nikitaka kununua kitu.

Sasa sikiliza ujinga wangu ulipo. Tulifunga diski wakati wa mbalamwezi. Watu wa ziwani mtanielewa: dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wengi wanapumzika, na siku chache baadaye mzigo Mwaloni unapungua. Kwa hiyo seva ilikuwa nyepesi kwa sababu hapakuwa na kazi! Mimi nikawa nampigia simu fundi kumshukuru, hata nikampelekea sato wawili. Wiki mbili baadaye giza likarudi, magunia yakarudi, na risiti zikagoma vilevile, sasa kwenye diski mpya. Nikampigia. Akasema "labda ni mazabodi".

Na ile `dd` ilikuwa kiini macho, hata kama yeye mwenyewe hakujua. Ukiiendesha bila `conv=fdatasync` (inayoilazimisha isubiri data ifike diskini kweli), data inatua kwenye RAM, keneli (moyo wa Linux) itaipeleka diskini ikipata nafasi, na namba unayoiona ni ya RAM. Mara ya kwanza alipima seva ikiwa imekabwa koo, mara ya pili akapima kumbukumbu tupu. Hata ungemfungia redio ya zamani angepata GB 1.2.

Baada ya hapo ndipo nikafanya nilichotakiwa kufanya siku ya kwanza. Saa 11 alfajiri, wakati tatizo lipo (siyo saa 4 asubuhi limeshaondoka), nikafungua madirisha mawili. La kwanza `iostat -x 1`: `w_await` inacheza kwenye milisekunde 400, maana yake kila ombi la kuandika linasubiri karibu nusu sekunde. Nikatazama na `/proc/pressure/io`, mstari wa `full` ukasoma `avg10=71`: katika sekunde 10 zilizopita, asilimia 71 ya muda kila mwenye kazi alikuwa amesimama akisubiri diski. Sawa, diski imeelemewa. Lakini na nani?

Nilianza kwa `iotop`, ikanionyesha `kworker` na `jbd2`, michakato ya keneli yenyewe, nikapoteza siku 2 nikiwalaani. Hao ni wapagazi, mkuu. Wanabeba gunia la mtu mwingine. Unayemtafuta ni mwenye gunia, na mimi nilimwona kwenye dirisha la pili, `pidstat -d 1`, safu ya `kB_wr/s` (kilobaiti zinazoandikwa kila sekunde). Juu kabisa, mistari 9 ikifuatana, jina moja: `chown`.

`chown`! Siyo hifadhidata wala risiti. Amri ya kubadili mmiliki wa faili.

Nilikuwa nimeiweka mimi mwenyewe kwenye skripti ya kuwashia kontena, `chown -R` kwenye folda nzima ya programu, kwa sababu mwongozo fulani wa mtandaoni ulisema hivyo na mimi nikanakili kama kasuku. Sasa jua jinsi overlay2, njia ya Docker ya kupanga faili kwa matabaka, inavyofanya kazi. Faili za imeji (kiolezo kinachozaa makontena) zipo kwenye matabaka ya chini, hazibadiliki, makontena yote yanazisoma kwa pamoja. Kontena likitaka kubadilisha faili mojawapo, faili hilo linanakiliwa lote kwanza kwenda kwenye tabaka lake la juu. Lote, hata kama unagusa herufi moja. Na kwa mipangilio ya kawaida, hata kama unabadilisha mmiliki tu bila kugusa kilichomo. Folda yangu ilikuwa MB 700, faili ndogondogo maelfu kwa maelfu. Kila kontena likizaliwa linajinakilia MB 700. Zidisha mara 34 uone, ni karibu GB 24.

Lakini makontena yanazaliwa mara ngapi, si mara moja? Hapo sasa. Nilikuwa nimeweka kipimo cha afya (Docker inauliza kontena kama linajibu) chenye subira ya sekunde 3. Docker yenyewe haiwashi upya kontena kwa kosa la kutokuwa na afya tu, basi mimi mjanja nikaandika skripti: lisilojibu lifutwe, liundwe jipya. Fuatilia mnyororo. Kazi inazidi alfajiri, kontena moja linachelewa sekunde 4, skripti inaliua, jipya linazaliwa, `chown` inamwaga MB 700 diskini, majirani wanachelewa, nao wanauawa, nao wanazaliwa na MB 700 zao. Seva ilikuwa inajiua yenyewe kwa jina la afya. Mbalamwezi ikifika hakuna anayechelewa, mnyororo hauanzi, na fundi anapelekewa sato.

Dawa haikunigharimu hata mia. Nilitoa `chown` kwenye skripti, nikaweka `COPY --chown` kwenye Dockerfile ili umiliki uwekwe imeji inapojengwa. Skripti ya mauaji nikaifuta. Hifadhidata zilikuwa kwenye voliumu (hifadhi iliyo nje ya matabaka hayo) tayari, angalau hapo Mungu alinihurumia. Nikarudisha zile diski "zilizokufa" kwa hasira, nione. Zinafanya kazi mpaka leo, giza kwa mbalamwezi. Mpya moja niliuza kwa hasara, nyingine ina katuni za watoto.

Kwa hiyo kabla hujatoa shilingi, nitajie jina la anayeandika. Ukishapata PID yake (namba ya mchakato), `cat /proc/PID/cgroup` itakupa namba ndefu ya kontena, linganisha herufi 12 za mwanzo na `docker ps`. Halafu `docker ps -s` uone tabaka la juu la nani limenenepa, na `docker diff` ikuonyeshe faili zipi. Angalia na logi pia: kama hujaweka `max-size`, zile za json-file (namna ya kawaida ya Docker kuzihifadhi) hazina kikomo, zinaota tu kama magugumaji.

Uliuliza pia kuhusu XFS (mfumo wa faili wa diski), na seva moja ibebe makontena mangapi. Kusema kweli nilishasahau nikiwa kwenye habari ya `dd`. Mimi bado nipo ext4 ileile, na makontena sasa ni 51.

Leo jioni ikianza kutambaa, endesha `pidstat -d 1` kwa dakika moja, ubandike hapa mistari ya juu. Na huyo fundi akikupigia, mwambie upo msibani.