Usinunue stebilaiza kabla hujapima usiku

Usinunue! Umeandika umeme kwako unashuka hadi volti 180 usiku, fundi kakushauri stebilaiza (kifaa cha kusawazisha volti) ya ukubwa wa kVA 5, na unauliza ipi ni nzuri na multimita (kipimia volti) gani inafaa. Mkuu, hiyo hela iache mfukoni kwanza.

Mimi fundi aliniambia maneno hayohayo. Hakupima kitu. Alichomeka tester ya bisibisi kwenye soketi, kitaa kikawaka, akasema "umeme upo ila mdogo". Kitaa kile kinawaka kwenye volti 150 kama kinavyowaka kwenye 230, sasa huo udogo aliuonea wapi? Akafunga stebilaiza, akachukua chake, akaondoka.

Kumbe nyutro, waya wa kurudishia umeme, ilikuwa imelegea nguzoni. Fezi tatu za mtaa, yaani nyaya zinazoleta umeme, zinarudi kwenye nyutro moja. Ikiachia, upande wenye matumizi makubwa volti zinashuka, wenye matumizi madogo zinapanda, na kumbuka kati ya fezi na fezi kuna volti 400. Jioni majirani wa fezi yangu wakipika, taa zangu zilififia. Usiku mmoja walipozima majiko, zikang'aa kama za uwanja wa mpira. Friji, TV na stebilaiza yenyewe vikaungua pamoja. Nikimpigia yule fundi, hapokei. Mtu anayeuza dawa bila kupima mgonjwa asiitwe fundi!

Na hata kama nyutro ni nzima, stebilaiza haizalishi umeme. Mzigo wa wati 2,000 kwenye volti 230 unavuta ampea karibu 9. Laini ikiwa na 160, stebilaiza itavuta 12.5 na zaidi ili ikupe 230 zako, na kiungio kibovu kitazidi kuchemka.

Kwa hiyo pima saa mbili usiku, multimita ikiwa kwenye volti za AC, renji ya 600 au 750, waya mwekundu usiwe kwenye tundu la 10A. Tumia soketi iliyo jirani na meini swichi, usifungue boksi kama si kazi yako. Soma volti pasi ya nguo ikiwa imezimwa, kisha iwashe usome tena. Kiwango cha IEC, shirika la kimataifa la viwango vya umeme, ni volti 230, asilimia 10 juu au chini, yaani 207 hadi 253. Ikiporomoka sana pasi inapowaka, shuku waya au viungio kati yako na nguzo. Ikishuka taratibu jioni bila wewe kuwasha kitu, na kwa majirani pia, transfoma imezidiwa au laini ni ndefu. Lakini ukiona inapanda kupita 253, au baadhi ya taa za mtaani zinang'aa huku nyingine zinafifia, zima meini swichi palepale na upige simu ya dharura ya shirika la umeme, uwatajie namba ulizosoma. Asipande nguzo fundi wa mtaani.

Leo usiku pima, uweke hapa namba zote mbili, ya pasi imezimwa na ya pasi inawaka.