Maswali Yenu ya Safari: Lile Jumba la Manjano la Stirling

SWALI: Shikamoo mama. Dada yangu anasoma Glasgow na nitamtembelea mwezi wa nne. Nina siku moja tu ya kuona ngome. Wengi wananiambia Edinburgh, lakini mimi nimependa Stirling, ila kwenye picha kuna jumba la manjano linalong'aa kama la juzi. Nisije nikalipa kiingilio kutazama rangi mpya!
— Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Panda treni uende Stirling, na uanze na hilohilo jumba la manjano.

Ni ukumbi wa karamu wa Mfalme James IV wa Uskoti, uliokamilika yapata mwaka 1503. Karne zilizofuata jeshi likaugeuza bweni: likaweka sakafu za katikati, likagawa vyumba, na likakaa ngomeni hadi 1964. Mafundi wakatumia miaka mingi kuondoa vya jeshi na kurudisha vya mfalme, hadi 1999. Manjano ile ni chokaa, na ndivyo ukumbi ulivyokuwa ukipakwa enzi zake.

Wewe wa Tanga chokaa unaijua. Marehemu baba yangu alikuwa fundi wa nyumba za mawe Pangani, na kila mara alituambia ukuta usiopakwa chokaa mvua inaula. Siku ya kwanza nilipofika Stirling niliweka kiganja kwenye ule ukuta. Mkwaruzo ulikuwa uleule, na unga kidogo ukabaki kidoleni. Nilisimama pale muda mrefu, baridi na yote.

Ndani, hesabu meko ya kuotea moto: ni matano, katika chumba kimoja! Kisha inua macho uone paa la mwaloni, boriti zake zimepandana bila nguzo hata moja chini.

Usiondoke bila kuingia kasri la James V, lililo jirani. Dari ya chumba chake kimoja ilipambwa vichwa vya watu vilivyochongwa kwenye mwaloni, kila duara upana wake kama mita moja. Iliteremshwa mwaka 1777, vichwa vikatawanyika. Vilivyo darini leo ni nakala zenye rangi kali; vya asili viko ghorofani, mbao tupu. Kimoja kimezungushiwa alama za 0, I na II, ambazo baadhi ya wanamuziki wanazisoma kama nota. Tazama kwanza vya rangi, ndipo upande kwa vya asili. Ukifanya kinyume utavipita haraka.

Na koti liwe zito. Ngome iko juu ya jabali, na mwezi wa nne upepo wa huko bado unauma.