Kabla hujang'oa tangi la maji ya moto, tafuta ndoo na saa

Mkuu, usitie saini hiyo karatasi. Umeeleza kwamba nyumba yako ya vyumba vitatu hapo Leicester, Uingereza, ina boila ya zamani (mtambo wa gesi unaopasha moto maji na nyumba) yenye tangi la maji ya moto kabatini na jingine la maji baridi darini, kwamba mnaishi watu watano, na kwamba muuzaji amekushauri ung'oe matangi yote mawili ufunge boila ya kombi ya kilowati 40 kwa kuwa familia kubwa huhitaji boila kubwa. Maneno hayohayo niliambiwa mimi miaka minne iliyopita. Niliyaamini, yakanitoa pauni 3,400 za boila na ufungaji, kisha pauni 2,100 nyingine ambazo mpaka leo mke wangu huzitaja kila ninapothubutu kumshauri jambo lolote.

Boila ya kombi haina akiba ya maji. Huyapasha moto yale yanayopita ndani yake muda huohuo yakitoka kwenye bomba la barabarani, kwa hiyo haiwezi kukupa maji mengi kuliko yale ambayo bomba hilo linaleta. Matangi yako, ambayo sasa unayaona kama mizigo inayokula nafasi, hujaa polepole wakati mmelala, na asubuhi huyashusha maji kwa wingi hata kama bomba la nje ni jembamba. Ukiyang'oa, wembamba wa bomba hilo, ambao matangi yaliusitiri miaka yote, unahamia bafuni.

Kwangu ulihamia siku ya kwanza. Mtu mmoja akioga na mwingine akafungua bomba la jikoni, yule wa bafuni alibaki na michirizi miwili ya maji na povu la sabuni machoni. Mimi nimekulia Tanga nikioga kwa ndoo na kopo. Nimevuka bahari, nimekopa benki, nimenunua boila ya kilowati 40, nikarudi kuoga kwa ndoo na kopo. Wageni niliwaambia kwamba tunadumisha mila.

Yule kijana aliyeniuzia alikuja na tableti na viatu vinavyong'aa, akahesabu vyumba, akahesabu watu, akahesabu hata rejeta za ukutani zinazopasha vyumba joto, lakini hakufungua bomba hata moja. Nilipompigia simu kulalamika, alijibu kwamba boila inafanya kazi kama ilivyoandikwa, na kwa bahati mbaya alikuwa anasema kweli. Fundi aliyeifunga naye alikuwa na kitambulisho halali cha Gas Safe, orodha rasmi ya mafundi wa gesi Uingereza, ambacho lazima ukidai, ila elewa kwamba kitambulisho hicho kinahusu usalama wa gesi. Hakithibitishi kwamba mwenye nacho amepima maji yako.

Aliyenifumbua macho ni fundi mzee wa mabomba niliyemwita baadaye. Aliomba ndoo ya lita 10, akaiweka chini ya bomba la maji baridi jikoni, akafungua mpaka mwisho na kutazama saa. Ndoo ilijaa kwa sekunde 75, yaani lita 8 kwa dakika. Kupandisha joto la lita moja kwa dakika kwa nyuzi 35 kunahitaji takribani kilowati 2.4, hivyo maji yangu yote yalihitaji kilowati 20 tu. Nilikuwa nimenunua lori la tani 10 kwenda kuchukua debe la mahindi. Wala lori hilo halikunifaa hata katika kupasha nyumba, kwani nyumba yangu, iliyobanwa na majirani pande zote mbili, huhitaji kilowati 6 au 7 siku za baridi kali, nayo boila haishuki chini ya 8, basi siku nzima huwaka na kuzimika, huwaka na kuzimika.

Chanzo kilikuwa bomba la zamani lililotoka barabarani hadi jikoni, bomba jembamba la risasi kama yalivyo mengi katika nyumba zilizojengwa kabla ya 1970. Ni risasi ya madini, si ya bunduki, ingawa ilinijeruhi vilevile. Hizo pauni 2,100 zilikwenda kwenye kuchimba ua, kuvunja sakafu ya jikoni na kulaza bomba jipya la plastiki. Sasa ndoo hujaa kwa sekunde 32, na kombi inatoa maji ya haja. Lakini kama ningepima kwanza, ningebadilisha boila peke yake, nikaliacha tangi mahali pake, na ua wangu ungebaki na maua.

Kwa hiyo kesho saa moja asubuhi, wakati majirani nao wanaoga na kupika chai, weka ndoo ya lita 10 chini ya bomba la maji baridi jikoni na uhesabu sekunde. Rudia huku bomba la bafuni likiwa wazi. Kisha tazama bomba linaloingia kwenye koki kuu, ile inayofunga maji ya nyumba nzima: ukilikwaruza kwa sarafu likang'aa kama fedha na kuwa laini, ni risasi.

Uliuliza pia kuhusu chapa, themostati ya simu (kidhibiti joto unachokiendesha kwa simu) na ruzuku ya pampu ya joto, mtambo wa umeme wa kupasha nyumba. Niletee sekunde kwanza.