Wewe unaondoka, mimi nabaki

Swali la wiki hii: nani awasemee wazee wanaoishi kwenye vituo vya kulelea? Mimi nasema wajisemee wenyewe, ila wapate mtu wa kuwasikiliza ambaye si wa kituo.

Jirani yetu mmoja hapa Ng'ambo, Tabora, hakujaliwa mtoto. Macho yalipofifia akapelekwa kituoni. Nilimfuata na maembe na chupa ya asali. Nilipomwamkia "mwangaluka" akanijua kwa sauti. Tukakaa barazani, mhudumu kasimama pembeni.

"Bibi, wanakutunza?"

Akajibu kwa sauti kubwa, "Nashukuru, wanatutunza sana." Huku chini ya khanga ananifinya mkono. Mhudumu alipoitwa getini ndipo akaninong'oneza: redio yake, aliyokuwa akisikilizia taarifa ya habari kila usiku, imechukuliwa tangu alipolalamika kwamba wanaogeshwa mlango ukiwa wazi. "Usiseme, mjukuu wangu. Wewe unaondoka, mimi nabaki."

Sijalala vizuri tangu siku ile. Sera ya Taifa ya Wazee tunayo tangu 2003, na kila Oktoba 1, Siku ya Wazee, wageni hufika vituoni na mchele na sabuni. Ni jambo jema. Lakini mzee anayeshikwa mkono kwenda chooni atamshtakije anayemshika, naye yuko pale pale anasikia?

Marekani walianza kwa majaribio mwaka 1972, na leo kila jimbo lina mtetezi wa wakazi wa vituo. Anaingia, anazungumza na mkazi faraghani, na lalamiko halipeleki popote mpaka mwenyewe aridhie. Sheria yao ya 1987 inampa mkazi haki ya kulalamika bila kulipiziwa kisasi.

Kwetu tungeanza na tulichonacho. Mabaraza ya wazee yapo. Wateuliwe wawili wenye nguvu ya kutembea, mmoja awe mwanamke, maana mambo ya kuogeshwa bibi hatamweleza mwanamume. Waingie siku yoyote bila kutoa taarifa, wakae na mkazi mmoja mmoja, mlango umefungwa. Wanachoambiwa wakifikishe kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, kisha warudi kumweleza mzee kilichofanyika. Na wakirudi waulize tena kama bado ana redio yake.

Jina la kituo sikulitaja kwa sababu bibi hajaniruhusu. Mwezi ujao nakwenda kumwomba ruhusa.